Cron Haijagoma: Usomeni Upya Mstari Wenu

Malalamiko yanayozidi kufika kwenye dawati la usimamizi wa seva ni ya aina moja: kazi ya cron (programu ya seva inayoendesha amri kwa ratiba) imegoma, au imejiendesha saa isiyopangwa. Tukiufungua mstari wa ratiba, mara nyingi tunakuta cron imetii kilichoandikwa.

Kabla ya amri kuna nafasi tano, na mfuatano wake haubadiliki: dakika (0–59), saa (0–23), tarehe (1–31), mwezi (1–12), siku ya juma (0–6, Jumapili ni 0). Nyota maana yake "kila".

Kwenye saa ndiko wengi wetu tunakoteleza, kwa kuwa kichwani tunahesabu kwa Kiswahili. Saa mbili asubuhi ni 8; saa nane usiku ni 2. Nakala rudufu ya saa nane usiku huandikwa hivi:

0 2 * * * /opt/kazi/nakala.sh

Hiyo sufuri ya mwanzo msiiguse. Mkiweka nyota mahali pake, kazi itaanza kila dakika kuanzia 2:00 hadi 2:59, yaani mara 60. Tena seva nyingi hufuata UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo kwanza endesheni amri ya date muone saa ya seva. Kama saa zenu zimetangulia UTC kwa saa 3, andikeni 23 badala ya 2, na mkumbuke kwamba siku ya juma nayo inarudi nyuma: usiku wa kuamkia Jumatatu kwenu, seva bado iko Jumapili.

Lipo jambo tumelieleza mara nyingi na bado linarudi. Mstari wa 0 6 13 * 5 hausemi "Ijumaa inayoangukia tarehe 13". Tarehe na siku ya juma zikitajwa zote mbili, cron huendesha kazi lolote kati ya hayo likitimia: kila tarehe 13, na kila Ijumaa. Anayetaka yote mawili kwa pamoja aachie amri ikague siku:

0 6 13 * * [ "$(date +\%u)" = 5 ] && /opt/kazi/ripoti.sh

Mkwaju (\) unaotangulia alama ya asilimia ni wa lazima. Bila huo, cron huikata amri hapo hapo.

Alama ya */7 kwenye dakika haihesabu dakika saba mfululizo. Hupiga 0, 7, 14 hadi 56, kisha huanza upya kwenye 0, baada ya dakika 4 tu. Vivyo hivyo */2 kwenye tarehe: baada ya tarehe 31 inakuja tarehe 1, siku mbili zinazofuatana.

Mkibadilisha ratiba, kwanza hifadhini iliyopo kwa crontab -l > ratiba.txt, kisha hariri kwa crontab -e. Herufi r imepakana na e kwenye kibodi, na crontab -r hufuta ratiba nzima, mara nyingi bila kuuliza. Ndani ya amri andikeni njia kamili za faili, maana PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa) ya cron ni fupi kuliko mliyoizoea mkiwa mmeingia wenyewe.

Kazi inayoanza upya kabla ya ile ya kwanza kwisha, ikaanza kuilemea seva, tunaisimamisha. Ili irudishwe, tumeni mstari wenyewe, saa mliyokusudia, na matokeo ya date. Pia amri iwe imefungwa kwa flock -n ili nakala mbili zisiende pamoja. Ombi lisilo na mstari huo hatuwezi kulishughulikia.