Uchambuzi wa maamuzi hufanyika kabla ya matokeo

Kila mradi wa umeme ukikwama, hakosi mtu wa kusema "uchambuzi wa maamuzi" umeonyesha kwamba walioamua walikosea. Kumbe ametazama yaliyotokea, akarudi nyuma kulaumu. Hiyo ni tathmini ya matokeo. Ni kazi halali, ila ni kazi nyingine.

Katika uchambuzi wa maamuzi unapanga njia ulizonazo, unakadiria uwezekano wa yale usiyoyajua, unaipa kila hali thamani yake, kisha unachagua njia yenye tarajio bora, yaani wastani wa thamani hizo ukizingatia uwezekano wa kila moja. Jina hilo alilitoa Ronald Howard wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, katika miaka ya 1960. Chimbuko lake ni umeme hasa: wahandisi wa nyuklia wa General Electric walitaka kujua kama inafaa kuongeza mtambo wa kupasha mvuke zaidi kwenye kinu chao. Howard alisisitiza tangu mwanzo kwamba uamuzi mzuri na matokeo mazuri ni vitu viwili. Wengi wanaolitumia jina alilolitoa wameliacha hilo njiani.

Chukua mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, Kenya: mitambo 365, megawati 310. Mitambo ilikamilika 2017, lakini laini ya kupeleka umeme hadi kituo cha gridi cha Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Fidia ya ardhi ya kupitishia nguzo ilisumbua, na mkandarasi kutoka Hispania akafilisika. Mkataba ulikuwa umeutwika upande wa serikali, ambao ndio mnunuzi, gharama ya umeme ambao ungezalishwa ukakosa njia. Watu wakasema uamuzi ulikuwa mbaya. Septemba 2018 laini ikawashwa, umeme ukaanza kuingia gridi ya taifa, na sifa zikafuata. Uamuzi ulikuwa uleule, haukubadilika hata herufi moja.

Maswali ya mchambuzi yapo kwingine. Siku ya kutia saini, uwezekano wa laini kuchelewa ulikadiriwa kuwa 1 kati ya 10 au 6 kati ya 10? Kama ni 6, kwa nini hatari hiyo ibebwe na upande wa mnunuzi, na alipata nini badala yake, pengine bei nafuu ya umeme? Je, kusubiri mwaka mmoja hadi suala la ardhi lieleweke kungegharimu kiasi gani, na taarifa hiyo ingefaa kulipiwa kiasi hicho? Hapo ndipo penye uzito wa taaluma hii, na hapo ndipo mjadala wetu wa umeme unapopita mbio.

Laini ingeweza kukamilika kwa wakati na uamuzi bado ukawa mbaya, iwapo hakuna aliyekadiria hatari ile. Kwa hiyo ukitaka kusema mradi ulileta hasara, sema hivyo tu, tutakuelewa. Ukitaka kusema uliamuliwa vibaya, tuonyeshe walichokijua siku ile na namna walivyokipima.