"Waliolazwa wengi walikuwa wamechanjwa." Haya, kati ya wangapi?

Imerudi tena. Ile voisi ya WhatsApp ya tangu enzi za korona, ati "huko hospitali waliolazwa wengi ni wale wale waliodungwa", imeanza kuzunguka upya kwenye magrupu ya hapa Malindi, safari hii imeunganishwa na chanjo ya surua, na watu wazima wenye akili zao, wengine twasali safu moja, wananitumia na kuniuliza "sasa dakta hapa wasemaje?" Nasema. Lakini nimechoka kujibu mmoja mmoja, na hili jambo linaniuma kwa sababu mwisho wake ni mtoto kubaki nyumbani bila chanjo, kwa hivyo leo naandika yote.

Kazi yangu ni ufuatiliaji wa magonjwa, fomu, sampuli, chati, ndo maisha yangu. Na kosa ninaloliona kila mara ni moja tu, watu hushika namba ya juu wakaacha ya chini. Wangapi wameugua, basi. Kati ya wangapi, hakuna anayeuliza.

Namba za korona za kila siku nitazipitia mbio. Tangu kisa cha kwanza kitangazwe 13 Machi 2020, nchi nzima ilikuwa yangoja Mutahi Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati ule, aseme leo ni wangapi. Sisi kaunti ya Kilifi tukafungiwa mapema Aprili, Ramadhani ikaingia misikiti imefungwa, watu wako majumbani hawana la kushika ila hiyo namba, ikipanda roho juu, ikishuka watu washukuru Mungu. Na tangazo lilikuwa likitaja sampuli zilizopimwa! Wagonjwa 100 kwa sampuli 1,000 ni asilimia 10. Wagonjwa 200 kwa sampuli 8,000 ni asilimia 2.5. Mtaani iliyotisha ni ile ya 200. Ajabu ni kwamba hapa kwetu kila mvuvi alijua hili kabla yangu, kusi likivuma mashua chache zikatoka, samaki bandarini watapungua na hakuna atakayekwambia baharini kumeisha samaki. Sampuli zikipungua wagonjwa nao wanapungua kwenye karatasi. Halafu zile "saa 24 zilizopita" za kwenye tangazo ni za majibu kutoka, si za mtu kuambukizwa. Sampuli za Pwani, hata za Lamu huko, zilikuwa zapelekwa maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi, kwa hivyo toka mtu aambukizwe, aanze kukohoa, apimwe, sampuli isafiri ingoje zamu, ile namba ya leo ilikuwa habari ya siku nyingi nyuma.

Na hao ni wale tuliowapata tu. Watafiti wa KEMRI-Wellcome pale Kilifi walipima damu 3,098 za wachangiaji damu, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, kutafuta kinga ya korona. Wakakadiria asilimia 4.3 kwa nchi nzima, na 8 Mombasa. Wakati ule nchi ilikuwa imehesabu wagonjwa kama 2,000, na asilimia 4.3 ya Wakenya ni watu zaidi ya milioni. Wachangiaji damu si sura kamili ya nchi, hakuna watoto, hakuna wazee sana, na mgonjwa hachangii damu, kwa hivyo hiyo 4.3 mie siishiki kama msumari. Lakini hata ukiikata nusu, ile namba ya kila siku ilikuwa inaonyesha kipande kidogo mno cha kilichokuwa kikitokea.

Sasa chanjo.

Watu wakisikia chanjo ina nguvu ya "asilimia 95" wanaelewa kwamba katika watu 100 waliochanjwa watano wataugua. Sivyo, na nataka tukae hapa. Majaribio ya chanjo ya korona ya Pfizer ya 2020, kila upande kama watu 18,000 waliohesabiwa mwisho, upande mmoja chanjo, upande wa pili maji ya chumvi yasiyo na dawa. Waliougua korona, 162 upande wa maji ya chumvi, 8 upande wa chanjo. Hiyo 95 imetoka kwa kulinganisha 8 na 162 basi. Kama ingekuwa hesabu ya "wangapi hawakuugua", hata maji ya chumvi yangepata asilimia 99, maana katika wale 18,000 walioumwa ni 162 peke yake! Kwa hivyo asilimia ya chanjo si ahadi kwa mtu mmoja mmoja. Inakwambia hatari imepunguzwa kwa kiasi gani ukilinganisha na mwenzio ambaye hajachanjwa, mtaa ule ule, wakati ule ule, ugonjwa ule ule.

Haya turudi kwa voisi. Chukua mtaa, tuseme Shela, na tukisie una watu 1,000. Waliochanjwa 900, wasiochanjwa 100. Ugonjwa ukaingia, wasiochanjwa wakaugua 20. Chanjo yetu ina nguvu ya asilimia 80, kwa hivyo waliochanjwa badala ya kuugua 20 katika kila 100, wanaugua 4 katika kila 100. Nne mara tisa ni 36. Wagonjwa wote ni 56, na 36 kati yao wamechanjwa. Asilimia 64! Bwana wa voisi akipita wodini atahesabu vitanda, atakuta wengi wamechanjwa, na hatakuwa amesema uongo. Namba yake ni sahihi, anachokosea ni anachokitoa ndani yake. Na Shela nzima ikichanjwa, kila atakayeugua atakuwa amechanjwa, asilimia 100, na bado wagonjwa watakuwa 40 badala ya 200.

Nimeieleza hii barazani nikaambiwa "hizo ni hesabu zenu nyinyi". Ni kuzidisha tu jamani. Mwenye duka akisema wateja wangu wengi ni Waislamu, hakuna anayeshangaa, twajua mtaa ni wa akina nani. Ikija chanjo ndo twasahau kuuliza mtaa ni wa akina nani.

Lakini haki itendeke, wodini mambo hayaji safi kama mfano wangu. Julai 2021 kule Provincetown, Massachusetts, Marekani, palikuwa na mlipuko, wagonjwa 469 wa jimbo hilo, na 346 walikuwa wamemaliza chanjo, asilimia 74. Dunia ikapiga kelele. Jibu la haraka ni lile lile, kati ya wangapi? Jimboni waliofaa kuchanjwa, asilimia 69 walikuwa wamechanjwa, lakini waliokwenda kule likizo hawakuwa jimbo zima, na katika wao waliochanjwa ni asilimia ngapi haikuhesabiwa. Kwa hivyo aliyesema chanjo imeshindwa hakuwa na msingi, na aliyetumia mji ule kusema chanjo iko imara naye hakuwa nao. Ilichoonyesha wazi ni kwamba Delta, aina ya kirusi cha korona iliyotawala wakati ule, inampata hata aliyechanjwa na anaweza kumwambukiza mwenzake, na sisi wa afya tungelisema hilo mapema kwa sauti ile ile tuliyosemea asilimia 95, pengine voisi zisingepata pa kuota.

Kuna na hili. Chanjo za kwanza kuingia Kenya, Machi 2021, dozi milioni moja na kidogo, zilikuwa AstraZeneca, mwezi mmoja baada ya Afrika Kusini kuisimamisha kwa sababu kwa kirusi cha kwao haikuonekana kuzuia vizuri ugonjwa mwepesi. Watu wa Malindi waliouliza walikuwa na haki ya kuuliza. Jibu lilikuwa kwamba kuzuia mafua na kuzuia kifo ni vipimo viwili tofauti, na jaribio lile lilikuwa la vijana wengi, halikuwa na wagonjwa mahututi wa kutosha kupima hicho cha pili. Mie nilichanjwa na nikachanjisha wazee wangu. Ila nani alichanjwa na nani hakuchanjwa si bahati nasibu, mzee mwenye sukari alikimbilia chanjo na kijana wa bodaboda hakuja, ukiwalinganisha hao wawili wodini umelinganisha umri na sukari pia. Na wengi huku walikuwa tayari washaipata korona bila kujua. Kugawa kinga ipi imetoka kwa chanjo na ipi kwa ugonjwa wenyewe ni kazi ngumu, na anayekupa namba moja ya mkato bila kusita, msikilize kwa uangalifu.

Surua haina utata huo. Dozi moja hukinga kama asilimia 93, mbili kama 97. Ni ugonjwa unaoambukiza kuliko korona. Darasa la watoto 40, 38 wamechanjwa, likipatikana na wagonjwa watatu na mmoja wao amechanjwa, mzazi atanitumia voisi. Mie nitauliza wale wawili wengine ni katika wangapi. Ni katika wawili.

Tatizo la kweli tulilonalo ni dozi ya pili, ya miezi 18. Ya miezi tisa mama huja, ya 18 mtoto keshatembea, hana homa, mama yuko kazini, inasahaulika. Kifungueni kitabu cha kliniki leo jioni, mstari wa miezi 18 ukiwa mtupu mleteni mtoto, hata kama keshapita miaka miwili, hatufukuzi mtu.