Kipepeo cha ukubwani: maswali ya wanaojifunza mtindo mgumu wa kuogelea

Nina miaka 46. Mtindo huru naumudu, chura ndiyo usiseme. Je, nimechelewa kujifunza kipepeo, ule mtindo wa kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja?

Hujachelewa. Kipepeo chenyewe ndicho kitinda mimba wa mitindo minne ya mashindano. Kilichipuka miaka ya 1930 kutoka kwenye chura, waogeleaji walipoona kuwa sheria haiwakatazi kurudisha mikono mbele kupitia juu ya maji. Olimpiki ilikipokea kama mtindo unaojitegemea mwaka 1956, Melbourne. Mashindano ya waogeleaji watu wazima huanzia miaka 25, na makundi hupanda kila miaka mitano hadi kwa wazee wa miaka 90 na kuendelea.

Kinachopungua na umri ni ulaini wa mabega na mgongo wa juu. Jipime nyumbani: egemea ukuta, makalio na mgongo viguse, kisha inua mikono yote miwili iliyonyooka hadi vidole gumba vifike ukutani bila kiuno kujipinda. Ukishindwa, jipe wiki kadhaa za kunyoosha mabega kwanza. Maji yatakusubiri.

Mbona nikifika mita kumi nahisi nimebeba gunia la mchele?

Kwa sababu unayakamia maji kwa mikono. Hili ndilo kosa la karibu kila mtu mzima, na wanaume wenye vifua vya mazoezi ndio wanaongoza. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kelele moja tu, "nguvu, nguvu!", na nilichovuna ni bega bovu la miezi mitatu.

Ukweli ni kwamba kipepeo kinabebwa na wimbi la mwili. Mapafu yako yamejaa hewa, kwa hiyo kifua ni boya. Mikono inapoingia majini, minya kifua chini kidogo: nyonga zinapanda zenyewe, na ukiliachia boya hilo, maji yanakurudisha juu. Hapo ndipo mikono inapovuta, mwili ukiwa tayari unapanda. Aliyewatazama pomboo kule Kizimkazi, Zanzibar, anaujua mwendo huo: wanazama kidogo ndipo waibuke, wala hawana papara.

Miguu hupiga mara mbili kwa kila mzunguko wa mikono. Teke la kwanza ni mikono inapoingia, la pili ni mikono inapomaliza kusukuma na kukaribia kutoka. Wengi hulisahau hilo la pili, kisha wanashangaa mikono haitoki majini.

Halafu kuna pumzi. Ukiinua kichwa kama kobe anayechungulia, nyonga zinazama na mteremko wote umekuwa mlima. Kidevu kipite juu kidogo tu ya maji, macho yatazame chini na mbele, na kichwa kirudi majini kabla ya mikono. Pia toa hewa ukiwa ndani ya maji. Hamu kubwa ya kuvuta pumzi huletwa zaidi na kaboni dioksaidi inayorundikana kuliko upungufu wa oksijeni, kwa hiyo anayeibana hewa ndiye anayetweta mapema.

Hata ukifanya yote sawasawa, kazi ni nzito. Wataalamu wa mazoezi hupima juhudi kwa kulinganisha na mtu aliyekaa ametulia, ambaye ni 1. Kutembea kawaida ni kati ya 3 na 4. Kipepeo kimekadiriwa 13.8. Kwa hiyo kuchoka si aibu.

Basi nianzie wapi?

Usianze na mikono. Wiki mbili za kwanza laza mikono pembeni na cheza na wimbi tu, kutoka kifuani hadi nyongani, miguu ifuate. Mapezi mafupi ya mpira yanasaidia sana hapa, na mwenye kukucheka muache acheke.

Kisha mkono mmoja: mwingine umenyooshwa mbele, unavuta wa kulia, unapumua kwa pembeni kama mtindo huru. Ukizoea, vuta kulia mara mbili, kushoto mara mbili, yote pamoja mara mbili. Mwishowe piga mizunguko minne kamili, halafu badilisha uende mtindo huru hadi ukutani.

Acha mwendo ukiwa bado mzuri. Vipande vinane vya mita 10 vilivyo laini ni bora kuliko mita 50 za kupigana mieleka na bwawa. Utamu wa kipepeo uko kwenye ile mizunguko mitatu minne ambayo mwili unateleza wenyewe, na mwili hujifunza kile unachokirudia, kizuri au kibaya.

Bega linauma. Ni uchovu au nimeumia?

Uchovu hukaa kwenye nyama, mara nyingi nyuma ya bega na mgongoni, na huisha baada ya siku moja au mbili. Maumivu ya kuogopa ni yale ya mbele au juu ya bega, yanayochoma ukiinua mkono kuvaa kanzu au kuanika nguo, au yanayokuamsha usiku ukilalia upande ule. Bega linashikiliwa na misuli minne midogo ambayo kano zake hupita kwenye nafasi finyu chini ya mfupa. Zikibanwa mara mamia, zinawaka.

Hapo simamisha kipepeo, ogelea kile kisichouma. Yakizidi wiki mbili, au mkono ukikosa nguvu, muone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia. Ukirudi, hakikisha mikono inaingia kwa upana wa mabega bila kukutana mbele ya kichwa, na ongeza mazoezi ya kuvuta kamba ya mpira mara tatu kwa wiki.

Na kiuno?

Kiuno huumia pale mtu anapojipinda kwa kiuno badala ya kusukuma wimbi kwa kifua. Kaza tumbo kidogo. Maumivu yanayoshuka mguuni, au ganzi, si ya kuvumilia.

Kitaniondoa kitambi?

Peke yake, hapana. Huwezi kukipiga muda mrefu vya kutosha.

Nani aonane na daktari kwanza?

Mwenye presha isiyodhibitiwa, ugonjwa wa moyo, aliyewahi kuteguka bega, mwenye kifafa, na yeyote aliyekaa miaka bila mazoezi. Mwenye pumu anaweza kuogelea, ila inhela ikae ukingoni mwa bwawa. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, toka majini siku hiyo hiyo, usimalizie seti.

Wanasema mtindo huu si wa watu wa kwetu.

Waambie wamtafute Jason Dunford, Mkenya aliyevunja rekodi ya Olimpiki ya mita 100 kipepeo katika mchujo wa Beijing 2008 kwa sekunde 51.14. Haikudumu, lakini alifika fainali akawa wa tano, na mwaka 2010 akachukua dhahabu ya mita 50 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi.

Naweza kujifunzia baharini?

Chumvi inakuelesha vizuri, ila wimbi la bahari litapigana na wimbi lako. Subiri maji yakiwa shwari, ogelea sambamba na ufuo mahali unapogusa chini, uwe na mwenzako anayekutazama. Na usivute pumzi nyingi za haraka kabla ya kupiga mbizi ili ukae chini zaidi: huishusha kaboni dioksaidi, ile kengele ya pumzi isilie, na mtu huzimia majini bila kupiga kelele.