MRI na Sumaku Isiyozimwa: Maswali na Majibu

MRI ni nini, na sumaku yake inatoka wapi?

MRI ni kipimo kinachochora picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, bila mionzi ya eksirei. Mkondo wa umeme unapopita kwenye waya, huzungukwa na uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku hufika, jambo alilolionyesha mwanasayansi Ørsted wa Denmark mwaka 1820. Katika mashine nyingi, waya huo umesukwa kuwa koili na kupozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika baridi hiyo waya hauna ukinzani, yaani hauzuii umeme hata kidogo, kwa hiyo mkondo huendelea kuzunguka bila kuongezewa umeme. Sumaku ya tesla 1.5 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) inazidi ile ya dunia takriban mara 30,000.

Kwa hiyo mashine ikinyamaza, au umeme ukikatika, sumaku nayo imezimika?

Hapana. Kelele unazosikia hutoka kwenye koili nyingine, zinazowashwa na kuzimwa wakati wa kupiga picha. Ukimya hauna maana yoyote kwa sumaku kuu. Haizimwi usiku, haizimwi Jumapili, na haizimiki mtaa mzima ukiwa gizani. Januari 2018, jijini Mumbai, kijana aliyemsindikiza jamaa yake aliingia na mtungi wa oksijeni, akavutwa nao na kufariki. Ndugu zake walieleza kwamba waliambiwa mashine imezimwa. Msindikizaji anayesukuma mlango "kumpa mama shuka tu" naomba aelewe kwamba anazuiwa kwa sababu hiyo.

Je, MRI inaweza kupima umeme unaopita mwilini?

Ndiyo, katika utafiti. Mkondo dhaifu wa miliampea 1 au 2 hupitishwa kichwani kwa elektrodi, yaani vibandiko vya kupitisha umeme, nao huzaa uga wa nanotesla chache tu, yaani sehemu chache za bilioni za tesla. Uga huo husogeza kidogo mwendo wa viini vya haidrojeni, na mashine husoma tofauti hiyo. Hata waya zinazopeleka mkondo huchafua kipimo, na watafiti hulazimika kuondoa athari yake kwa hesabu. Ikiwa chombo hiki huhisi kitu kidogo kiasi hicho, pini moja ya ushungi huacha doa jeusi mahali ambapo daktari alitaka kutazama.

Nina hirizi kiunoni, au nina chuma ninachoona aibu kukitaja. Nikikaa kimya?

Usikae kimya. Fomu ya maswali unayojaza kabla ya kipimo si ya urasimu. Wapo wanaojibu "sina" mara tatu, kisha wakivua nguo tunakuta hirizi yenye bati, wigi lenye klipu, au kovu la upasuaji wa betri ya moyo. Baadhi ya betri za moyo huruhusiwa kwa maandalizi maalumu, nyingine haziruhusiwi, lakini hatuwezi kuandalia tusichokijua. Fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni aseme, hata kama ni miaka mingi iliyopita, kwa kuwa chembe hiyo inaweza kusogea na kuharibu jicho. Sema kabla ya mlango. Ukikumbuka ukiwa ndani, umechelewa.

Kwa nini ninakatazwa kukunja mikono kifuani?

Mawimbi ya redio huzalisha mkondo katika kitu chochote kinachopitisha umeme, mwili ukiwemo, kikijifunga kama pete, iwe waya uliojiviringa au viganja vilivyoshikana. Mahali ngozi inapogusana na ngozi, au na waya, joto linaweza kuunguza.

Nikihisi kuungua nivumilie mpaka kipimo kiishe?

Usivumilie hata dakika moja. Mpira uliopewa mkononi ni kengele: ubonyeze papo hapo, tutasimamisha picha na kukutoa. Wagonjwa wengi hunyamaza kwa kuogopa kurudia kipimo au kulipa tena, ilhali kurudia picha moja huchukua dakika chache na kidonda cha kuungua huchukua wiki. Ukifika nyumbani ukaona wekundu au lengelenge, rudi siku hiyo hiyo, bila kupaka dawa ya meno wala mafuta.