Nani anajua urefu? Fankisheni za stringi na za baiti katika maktaba ya C

Lugha ya C haina aina ya data iitwayo stringi, yaani mfuatano wa herufi. Ilicho nacho ni safu ya baiti kwenye kumbukumbu, pointa inayoelekeza kwenye baiti ya kwanza, na makubaliano kwamba maandishi yanaishia pale inapokutwa baiti yenye thamani ya sifuri. Makubaliano hayo hayasimamiwi na kompaila wala na mfumo endeshi, bali na mwandishi wa programu peke yake. Ndiyo maana ninapokagua msimbo wa C siulizi kwanza kama fankisheni iliyotumika inasifiwa kuwa salama. Ninauliza ni nani, katika mstari ule, anayejua urefu wa kinachonakiliwa na ukubwa wa mahali kinapopelekwa.

Fankisheni zilizotangazwa ndani ya <string.h> ni za koo mbili. Zinazoanza na str, kama strlen (hupima urefu), strcpy (hunakili) na strcmp (hulinganisha), hutafuta mwisho zenyewe kwa kupita baiti moja baada ya nyingine hadi zikute sifuri. Zinazoanza na mem, kama memcpy na memmove (hunakili), memset (hujaza) na memcmp (hulinganisha), huelezwa idadi ya baiti na mwitaji, yaani msimbo unaoziita, na kwao sifuri ni baiti kama baiti nyingine. Kwa hiyo data inayoweza kuwa na sifuri katikati, kwa mfano picha au ufunguo wa usimbaji, haifai kupelekwa kwa ukoo wa kwanza: strlen itasimama kwenye sifuri ya kwanza na kilichobaki kitapotea bila onyo lolote.

Udhaifu mkubwa wa ukoo wa str uko upande wa kupokea. Fankisheni ya strcpy hugundua chanzo kinapoishia, lakini haielezwi kamwe bafa inayopokea, yaani sehemu ya kumbukumbu iliyotengwa, ina nafasi kiasi gani. Mbaya zaidi ilikuwa gets ya <stdio.h>, iliyosoma mstari kutoka nje bila kikomo. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Morris, programu hasidi iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, uliitumia kasoro hiyo dhidi ya fingerd, programu ya kujibu maswali kuhusu watumiaji wa mashine, ambayo ilikuwa ikipokea maombi kwenye bafa ya baiti 512: ombi lililoizidi bafa liliandika juu ya anwani ya kurejea (mahali programu inaporudi fankisheni ikimaliza), na mashine ikaanza kutekeleza maagizo ya mvamizi. Hata hivyo gets iliendelea kuwamo katika kiwango rasmi cha lugha hadi ilipoondolewa na C11, mwaka 2011.

Wengi waliokwisha kuionya nafsi yao dhidi ya strcpy hukimbilia strncpy, kwa kuwa inapokea kikomo. Kwa maoni yangu hii ndiyo fankisheni iliyoeleweka vibaya kuliko zote katika maktaba hii, kwani haikutungwa kuwa strcpy iliyo salama. Katika mifumo ya awali ya Unix kila ingizo la saraka lilikuwa na baiti 16, yaani 2 za namba ya ainodi (rekodi ya faili kwenye diski) na 14 za jina la faili. Jina fupi lilijaziwa sifuri hadi mwisho wa nafasi yake, na jina lenye herufi 14 kamili halikuwa na sifuri hata moja, maana programu zote zilijua kwamba nafasi hiyo haizidi 14. Kazi hiyo strncpy inaifanya vizuri sana. Ukiitumia kwa stringi za kawaida unapata mabaya mawili. Chanzo kikilingana na kikomo au kukizidi, matokeo hayana sifuri ya mwisho, na strlen itakayofuata itaendelea kusoma kumbukumbu isiyoihusu. Chanzo kikiwa kifupi, nafasi yote iliyobaki inajazwa sifuri, hivyo kunakili herufi 5 kwenye bafa ya baiti 65,536 ni kuandika baiti 65,536. Wala usidhani strncat, inayoongeza stringi mwishoni mwa nyingine, ina tabia hiyohiyo. Yenyewe huweka sifuri siku zote, ila kikomo chake huhesabu baiti zinazoweza kuongezwa, tena bila sifuri hiyo, wala si ukubwa wa bafa; kwa hiyo strncat(d, s, sizeof d), ambayo nimeikuta katika misimbo mingi, haikingi chochote.

Todd Miller na Theo de Raadt wa mfumo endeshi wa OpenBSD walitoa jibu lao mwaka 1998. Fankisheni zao, strlcpy na strlcat, hupokea ukubwa wa bafa nzima na hurudisha urefu ambao matokeo yangekuwa nao kama nafasi ingetosha, ili mwitaji aweze kujua kwamba maandishi yamekatwa. Watunzaji wa glibc, maktaba ya C ya mifumo mingi ya Linux, walizikataa kwa miaka mingi, wakisema kwamba kukata maandishi kimyakimya nako ni kosa, na zikaingia katika toleo la 2.38 mwezi Agosti 2023. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, kwani jina la faili lililokatwa linaweza kuwa jina la faili nyingine iliyopo. Isitoshe, kwa kuwa strlcpy lazima irudishe urefu wa chanzo, hukisoma chote hadi sifuri hata kama bafa ni ya baiti 8. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi huo, ilipata strscpy, ambayo hurudisha thamani hasi inapolazimika kukata, na mwaka 2024 strlcpy ikaondolewa humo kabisa.

Kukata kuna hatari nyingine ambayo sisi tunaoandika Kiswahili tunaisahau kwa urahisi, kwa sababu herufi zetu za Kilatini zote zimo ndani ya ASCII, seti ya msingi ya herufi za kompyuta, na kila moja huchukua baiti moja. Neno ng'ombe likiandikwa kwa alama iliyonyooka ya kibodi lina baiti 7. Programu nyingi za kuchapa huibadilisha alama hiyo kuwa ile iliyopinda, yenye namba U+2019 katika orodha ya Unicode, ambayo katika UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti, ni baiti 3: E2, 80 na 99. Hapo strlen itajibu 9, strcmp itasema maandishi hayo mawili si sawa, na snprintf, fankisheni ya kuandika kwenye bafa kwa kikomo, ikipewa bafa ya baiti 5 itaacha n, g, E2 na 80, yaani alama iliyovunjika ambayo kisomaji makini cha UTF-8 kitaikataa. Katika tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambako kila herufi ni baiti 2, uharibifu huo hutokea mara nyingi zaidi. Dawa yake ni fupi: itazame baiti ya kwanza itakayoachwa nje, ikiwa biti zake mbili za juu ni 10, hiyo ni baiti ya mwendelezo, basi rudi nyuma hadi ukute isiyo ya mwendelezo, na ukate kabla yake.

Ukoo wa mem nao una masharti yake. Kiwango kinairuhusu memcpy kudhani kwamba chanzo na kipokezi haviingiliani, na sehemu hizo zikiingiliana inayotakiwa ni memmove. Kwa miaka mingi watu walilivunja sharti hilo bila kudhurika, kwa sababu memcpy iliyokuwapo ilinakili kuanzia mwanzo kwenda mbele. Mwaka 2010 glibc ya Fedora 14, mfumo mmojawapo wa Linux, ilikuja na memcpy iliyonakili kutoka nyuma kwenye baadhi ya prosesa, na sauti ya Flash Player, programu ya kuchezea video kwenye kivinjari, ikaharibika. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwalaumu watunzaji wa maktaba. Wao walijibu kwamba kosa ni la programu iliyovunja sharti. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki, lakini katika msimbo wangu naandika memmove kila ninapokuwa na shaka, kwani tofauti ya kasi ni nadra kuonekana.

Kuhusu memset, tahadhari ni moja. Ukiitumia kufuta nywila kwenye bafa isiyosomwa tena baadaye, kompaila ina ruhusa ya kuiondoa, kwa kuwa matokeo yake hayatumiki popote. Kwa kazi hiyo tumia explicit_bzero, iliyomo katika OpenBSD na glibc, au memset_explicit iliyoongezwa na C23.