Kabla ya Kununua Mashine ya Kufulia: Maji, Umeme na Beringi

Sisi tunaofundisha ufundi wa vifaa vya umeme vya majumbani huulizwa mara kwa mara ni kampuni ipi inayotengeneza mashine ya kufulia inayodumu. Jina la kampuni lina uzito wake, lakini halistahili kutangulia. Mashine mbili za modeli moja zinaweza kupishana sana umri kwa sababu moja imefungwa katika nyumba yenye maji baridi yasiyo na chumvi na umeme uliotulia, na nyingine inategemea maji ya kisima yanayoshuka polepole kutoka kwenye simtanki. Kwa hiyo uchunguzi uanzie nyumbani, dukani baadaye.

Jambo la kwanza ni msukumo wa maji. Mashine nyingi za mlango wa mbele zinahitaji presha isiyopungua baa 0.5 (baa ni kipimo cha presha), na nyingine zinataka baa 1 kamili. Kiwango hicho huandikwa katika kijitabu cha maelezo, ukurasa ambao wanunuzi wachache huufikia. Maji yanayoshuka kwa uzito wake yenyewe hupata takriban baa 1 kwa kila mita 10 za kimo. Simtanki iliyowekwa juu ya mnara wa mita 3, ikitolewa mita moja ya kimo cha vali ya mashine, inabakiza baa 0.2 tu. Mashine ya namna hiyo itachukua muda mrefu kujaza, itasimama katikati na kuonyesha alama ya hitilafu, na vali yake inaweza hata kushindwa kufunga sawasawa, kwa kuwa vali hizo hutumia msukumo wa maji yenyewe kujibana. Mwenye nyumba huita fundi, fundi hubadilisha vali, na tatizo hurudi, kwa sababu ugonjwa hauko ndani ya mashine. Tiba yake ni kuongeza pampu ndogo ya kusukuma maji, na gharama ya pampu hiyo ihesabiwe tangu mwanzo kama sehemu ya bei ya mashine.

Kama maji hutoka kwa mgao na mara nyingi hubebwa kwa ndoo, ushauri wetu ni wa wazi, ingawa wauzaji hawaupendi: nunua mashine ya mapipa mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Hiyo hukubali maji ya ndoo, haina kompyuta, swichi yake ya muda ni ya kuzungusha kwa mkono, na fundi wa mtaa anaweza kuifungua na kuirudisha kazini siku hiyo hiyo. Inamchosha mtumiaji kidogo kwa kuwa nguo huhamishwa kwa mkono kutoka pipa hadi pipa, na inatumia maji mengi kuliko ile ya mlango wa mbele. Hata hivyo, kwa kudumu katika mazingira hayo, sioni inayoishinda.

Chumvi ni adui wa pili. Katika ukanda wa pwani visima vingi hutoa maji yenye chumvi au chokaa. Chokaa hujijenga juu ya hita na kuifanya ipate joto kupita kiasi hadi iungue, na kadiri maji yanavyochemshwa zaidi ndivyo inavyoganda zaidi. Kwa hiyo kufua kwa maji baridi au ya vuguvugu kunaokoa umeme na hita kwa pamoja. Chumvi nayo hula sehemu ambayo mnunuzi haioni kabisa: mkono wa aloi ya aluminiamu, wenye ncha tatu, unaoshikilia dramu kwa nyuma katika mashine za mlango wa mbele. Dramu ya chuma kisichoshika kutu inaweza kung'aa kama mpya huku mkono huo ukimong'onyoka taratibu, hadi siku utakapokatika wakati wa kukamua. Mabaki ya sabuni yanayoganda nyuma ya dramu huharakisha uharibifu huo. Sabuni ya unga iliyokusudiwa kufulia kwa mkono haifai katika mashine hizi, kwa sababu povu lake jingi huzuia suuza na hupenya mahali ambapo maji peke yake yasingefika.

Sasa beringi, ambazo ndizo huamua kama mashine yenye miaka sita au saba itatengenezwa au itauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Dramu huzunguka juu ya beringi mbili zinazolindwa na mpira wa kuzuia maji. Mpira ukichoka maji hupita, beringi hushika kutu, na mashine huanza kunguruma inapokamua. Beringi zenyewe si ghali. Tatizo ni pipa la nje la plastiki linalobeba dramu: watengenezaji wengine huliunganisha nusu mbili kwa boliti, na wengine huziyeyusha zikawa kitu kimoja. La boliti hufunguliwa, beringi zikabadilishwa, kazi ikaisha. Lililoyeyushwa halifunguki bila msumeno, hivyo unaambiwa ununue pipa zima pamoja na dramu, kwa bei inayokaribia ya mashine mpya. Hili halionekani kwa macho dukani. Njia ya kulijua ni kwenda kwa muuza vipuri na namba ya modeli mkononi, kisha kumwuliza kama beringi na mpira wa modeli hiyo huuzwa peke yake. Akijibu kwamba kinachouzwa ni pipa zima, tafuta modeli nyingine. Swali hilo moja lina faida kuliko orodha nzima ya programu 15 za kufulia zilizochapishwa kwenye kasha.

Upatikanaji wa vipuri umeanza kutungiwa sheria mahali pengine. Tangu Machi 2021, kanuni za Umoja wa Ulaya zinawataka watengenezaji kuhakikisha kuwa vipuri muhimu vya mashine za kufulia vinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli husika kuingizwa sokoni. Kanuni hiyo haimlindi mnunuzi wa Kariakoo moja kwa moja, lakini modeli inayouzwa pia Ulaya ina nafasi nzuri zaidi ya kupatiwa vipuri kuliko ile isiyojulikana popote.

Kuhusu mota, matangazo husisitiza dhamana ya miaka 10. Isome vizuri. Mara nyingi inahusu mota kama kipuri tu, huku bodi ya umeme, vali, pampu na gharama ya fundi vikiwa na dhamana ya mwaka mmoja au miwili. Mota ya inveta, yaani ile ambayo kasi yake huongozwa na bodi ya umeme, haina brashi za kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka na huisha kwa kusuguliwa), ni tulivu na huishi muda mrefu, lakini bodi hiyo ndiyo huumizwa na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Anayenunua mashine yenye bodi anunue pia kifaa cha kulinda volti, kile kinachochelewesha umeme dakika chache baada ya kurudi, na ahakikishe kuwa soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Mota ya brashi isidharauliwe: brashi zikiisha hubadilishwa kwa fedha kidogo.

Mashine za mtumba kutoka Marekani ziepukwe. Nyingi hutumia volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), ilhali umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma hurekebisha volti tu. Hezi hubaki 50, na mota ya kawaida ya aina hiyo huzunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita na kupata joto zaidi.

Mashine ya kukausha ni hitaji la wachache. Ya hita ya kawaida huvuta wati 2,000 hadi 3,000, yaani kama uniti mbili au tatu kwa kila saa ya kazi mfululizo. Kwa nyumba nyingi inatosha mashine inayokamua kwa kasi nzuri, kisha kamba na jua. Zinazofua na kukausha katika mwili mmoja zina vipuri vingi vya kuharibika, na hukausha mzigo mdogo kuliko zinaoufua. Anayeishi ghorofani bila mahali pa kuanika, au asiyetaka nguo zake zitagwe mayai na wale nzi ambao funza wao huingia kwenye ngozi, anaweza kuzingatia ile ya pampu ya joto, inayotumia tena joto la hewa yake yenyewe, ambayo ni ghali kununua lakini hutumia umeme chini ya nusu ya ile ya hita. Mashine ya kukausha inayotoa hewa nje ya nyumba ifungwe bomba la chuma badala ya plastiki, na chujio la nyuzi lisafishwe kila baada ya matumizi, kwa kuwa nyuzi kavu zilizorundikana karibu na hita zinaweza kushika moto.

Siku mashine ya mlango wa mbele itakapofika nyumbani, boliti za usafirishaji zilizo nyuma zifunguliwe kabla haijawashwa, na zihifadhiwe kwa ajili ya kuhama. Ikiwashwa zikiwa bado zimo, dramu haiwezi kuning'inia kwenye springi na shokapu zake, mashine hurukaruka sakafuni, na uharibifu wa namna hiyo kwa kawaida haumo katika dhamana.