Moshi sio friji: yale mnayoamini kuhusu mji wetu wa mlimani na yalivyo kweli

Februari moja nilipokea mgeni kutoka Dar, kashuka stendi saa kumi jioni na jaketi lile zito la kuvimba, boshori kichwani na glavu mkononi, naapa glavu, wakati jua limewaka mpaka wauza ndizi wamehamia kivulini. Nikampeleka chumbani, swali la kwanza, "Dada, hita inawashwaje?" Nikamwonyesha feni. Akacheka ila niliona imemuuma, maana jaketi alilinunua kwa ajili ya safari hii hii.

Kwa hiyo tuanze na hilo, kwamba Moshi kuna theluji. Hakuna aisee. Theluji iko Kibo, kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kilimanjaro, pale juu kabisa Uhuru ni mita 5,895, sisi huku mjini tuko mita 800 na ushee tu, yaani kati ya kitanda chako na ile theluji kuna kama kilomita tano za kwenda juu, sio za kwenda mbele. Na kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, piga hesabu mwenyewe. Wengine wanasema mbona miji ya skii Ulaya, yaani ya kuteleza kwenye theluji, nayo iko chini ya mlima na theluji inafika mpaka mlangoni? Ni kweli, Chamonix kule Ufaransa walikofanyia Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924 iko mita 1,035, haijatuacha mbali kihivyo, lakini sisi tuko digrii 3 tu kusini ya ikweta, wao wana koleo la kuzolea theluji sisi tuna ndoo ya maji ya baridi tunauza stendi. Baridi yetu ipo Juni mpaka Agosti, wingu linakaa siku nzima na asubuhi unatafuta sweta. Sweta, sio glavu. Na chandarua usikiache, mbu huku chini wapo.

Hilo la skii ndo linanichekesha zaidi, "watu wanateleza mwezi gani?" Hawatelezi. Hakuna lifti wala mteremko ulioandaliwa, barafu iliyobaki juu ni vipande vimesimama kama ukuta, na sehemu kubwa ya ule mpando wa usiku kwenda kileleni ni kokoto na vumbi la volkano, unapiga hatua mbili unarudishwa moja. Zamani kidogo, 1912, Wajerumani wawili Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda na skii zao wakashuka nazo, sawa, ila tangu mwaka huo zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imeshapotea, na hata ile iliyopewa jina la Furtwängler inaisha tu mbele ya macho. Mwenye hamu ya skii bila kutoka Afrika aende Lesotho, Afriski, juu ya mita 3,000, msimu wao ni Juni hadi Agosti na hata kule theluji nyingine wanaitengeneza na mashine.

Haya, malazi sasa, huku ndo nina maneno.

Watu wanadhani Moshi kulala ni kwa dola, mji wa wazungu. Hoteli za hivyo zipo, nyingi Shanty Town kule, lakini zunguka Majengo, Pasua, Soweto, gesti zimejaa, kuna chumba selfu na kuna cha kushea bafu, unalipa shilingi yako unapewa ndala na sabuni kipande. Usidanganyike na kibao cha "vyumba vinavyoona mlima", nishafungua dirisha la chumba kama hicho nikaona shati la jirani limeanikwa. Uliza maji yanatoka saa ngapi na kama kuna tanki.

Na msimu mgumu kupata chumba wengi wanaotea vibaya. Wanahesabu wazungu wanaokuja kupanda mlima, Januari na Julai mpaka Oktoba huko. Mimi ninayekodisha nakwambia ogopa Krismasi, kuanzia tarehe 20 Desemba Wachagga wa nchi nzima wanapanda nyumbani, nauli ya basi inaruka, foleni Boma Ng'ombe mpaka mjini, na hata wenye kihamba chao, shamba la ukoo lenye nyumba, Kibosho au Marangu wanakuja kulala mjini maana nyumba ya babu imejaa mashemeji na watoto wamepangwa kwenye mkeka kama dagaa. Mchana wako juu wanakula mtori na kunywa mbege, usiku wananigongea mimi.

Wa kupanga chumba cha kukaa ndo usiseme mji mdogo mambo rahisi. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, alafu luku ya kushea. Kabla sijapata pangu nilishea na kaka mmoja mpole, anasalimia vizuri, kumbe ana jiko la koili anachemshia maharage. Maharage! Umeme wa wiki unaisha Jumanne.

Kuhusu kulala mlimani nako, sio kila njia ina vibanda, ni Marangu tu, zingine zote ni hema. Na geti la kuanzia kupanda sio hapo nyuma ya soko, Marangu ni kama kilomita 40 kutoka mjini, usiniambie unaenda kwa miguu.

La mwisho, kwamba ukishafika Moshi mlima unauona tu muda wowote. Mgeni wangu yule wa glavu nilimgongea saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kibo yote iko wazi, nyeupe, hata wapiga debe wamenyamaza wanaangalia. Akajibu kutoka kitandani, "Dakika tano dada." Katoka saa tatu na singlendi na kandambili, anageuka huku na huku uani.

"Kwani uko upande gani?"

Nikamwonyesha wingu.